Asilimia Mbili Zinazounguza Chaja

Chaja ya simu ya wati 5 ikipasuliwa, kitu kinachochukua nafasi kubwa kuliko vyote ndani yake huwa ni kidude cheusi kilichofungwa utepe wa njano, ukubwa wake haufiki kidole gumba. Hiyo ndiyo transfoma. Fundi wa Kariakoo au wa Luthuli Avenue anaijua, lakini kwa kawaida haigusi. Chaja ikifa, huanza na fyuzi, dayodi na transista. Hubadilisha kilichoungua na kumrudishia mteja mali yake. Siku chache baadaye transista mpya nayo ikiungua, chaja hutupwa. Inawezekana kabisa kwamba kinachoziua transista hizo ni ile transfoma, ingawa yenyewe ni nzima na mita ya kawaida haioni kosa lolote ndani yake.

Wahandisi wanaobuni chaja wanalijua hilo vizuri. Kabla ya kutengeneza hata moja, huiiga saketi nzima ndani ya kompyuta, kisha huiunda mezani na kuipima waone kama kompyuta ilisema kweli. Rezista na kapasita hazisumbui sana katika zoezi hilo. Transfoma husumbua.

Transfoma iliyo juu ya nguzo mtaani inaishi maisha ya utulivu. Umeme unaopita ndani yake huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, kwa mawimbi laini, mwaka mzima. Ya kwenye chaja haina bahati hiyo. Umeme wa ukutani, volti 230 Tanzania au 240 Kenya, kwanza hupita kwenye dayodi 4 na kugeuzwa kuwa DC. Kilele cha wimbi la volti 230 ni volti 325, na hizo ndizo zinazokaa kwenye kapasita kubwa ya kuingilia. Hapo transista inaanza kazi: inawasha na kuzima volti hizo 325 mara 65,000 hivi kwa sekunde. Kila inapowasha, hudumu mikrosekunde moja au mbili tu. Muda huo ni mfupi mno kwa sumaku kukua, kwa hiyo kiini kidogo sana kinatosha. Adapta nzito za redio za zamani zilikuwa nzito kwa sababu zilitumia mawimbi 50 yaleyale ya ukutani, na kiini chake kilikuwa bati la chuma.

Bati hilo lingewekwa kwenye chaja ya leo, lingepata moto kabla simu haijapata hata asilimia 1 ya chaji. Ndiyo maana kiini kimetengenezwa kwa feraiti, aina ya kauri yenye oksaidi ya chuma iliyochanganywa na manganizi na zinki. Feraiti ilivumbuliwa Tokyo mwaka 1930 na Yogoro Kato na Takeshi Takei, na kampuni ya TDK ilianzishwa mwaka 1935 ili kuitengeneza kibiashara. Miongo minne baadaye, kompyuta ya Apple II ya mwaka 1977 ilitoka na kifaa cha umeme cha aina hiyohiyo ya kuwasha na kuzima, kilichobuniwa na Rod Holt. Wakati huo ilikuwa ni jambo la kujivunia. Leo teknolojia hiyo ipo kwenye chaja za bei ya chini kabisa.

Saketi iliyo ndani ya chaja nyingi ndogo huitwa flaibaki. Mafundi wa televisheni za kioo kinene wanalijua jina hilo kutokana na transfoma iliyokuwa ikilisha kioo kwa maelfu ya volti. Inafanya kazi kama mtu anayechota maji kwa kata: transista ikiwaka, koili ya kwanza inajaza nishati kwenye sumaku, ikizima, nishati hiyo inamwagika kupitia koili ya pili kwenda kwenye simu. Haijazi na kumwaga kwa wakati mmoja.

Kwa mfano halisi, chukua chaja yenye koili ya kwanza ya mizunguko 100 ya waya mwembamba na koili ya pili ya mizunguko 10, kwenye kiini ambacho nguzo yake ya katikati ina eneo la milimita za mraba 19 hivi. Katikati ya kiini kumeachwa mwanya wa hewa wa milimita 0.16, unene wa karatasi moja na nusu ya kuandikia, na nishati karibu yote hukaa kwenye mwanya huo wala si ndani ya feraiti. Induktansi ya koili ya kwanza, yaani jinsi inavyozuia mkondo kubadilika ghafla, inatoka mikrohenri 1,500. Transista ikiwaka, mkondo unapanda sawasawa, na baada ya mikrosekunde 1.5 unafika ampea 0.32. Nishati iliyojazwa wakati huo ni mikrojuli 77. Ukizidisha mara 65,000 unapata wati 5. Hesabu imekubali, na mpaka hapo kila kitu ni shwari.

Programu inayotumiwa na karibu kila mtu kuiga saketi kama hii ina mizizi yake Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Inaitwa SPICE. Laurence Nagel aliiandika akiwa mwanafunzi wa Donald Pederson, ikatambulishwa kwa umma mwaka 1973, na chuo kikaitoa bila kudai malipo makubwa, jambo lililoifanya isambae duniani kote. Watoto na wajukuu wake wapo hadi leo: LTspice, iliyoandikwa na Mike Engelhardt ndani ya kampuni ya Linear Technology, na ngspice ambayo msimbo wake uko wazi. Zote mbili hupakuliwa bure na hufanya kazi kwenye kompyuta ya kawaida ya mezani.

Ndani ya SPICE transfoma haina umbo, kiini wala utepe. Ni koili mbili zilizoandikwa kama induktansi, na mstari mmoja wa ziada unaosema zinashikana kwa kiasi gani. Kiasi hicho ni herufi k, namba isiyozidi 1. Makosa huanzia hapohapo. La kwanza ni la wanafunzi: mizunguko ikiwa 100 kwa 10, wanaandika induktansi 1,500 kwa 150, wakati induktansi hufuata kipeo cha pili cha mizunguko, kwa hiyo ya pili inatakiwa kuwa 15. Kosa hilo halidumu, maana volti zinazotoka ni za ajabu na mtu anashtuka.

Kosa la pili halishtui mtu. Mwanafunzi anaweka k kuwa 1, yaani sumaku yote ya koili ya kwanza inaingia kwenye ya pili bila kupotea hata chembe. Anabonyeza kitufe, na kioo kinamwonyesha mstari msafi: transista ikizima, volti juu yake zinapanda hadi 380 na kutulia hapo. Hizo ni zile 325 za kapasita pamoja na 55 zinazorudishwa na koili ya pili. Anafurahi, anachagua transista inayovumilia volti 500, na kwenye karatasi ana akiba ya volti 120.

Sasa aandike 0.99. Kwa mtu wa kawaida hiyo ni karibu na ukamilifu, na mwalimu angeweka alama ya A. Lakini kwenye transfoma maana yake ni kwamba asilimia 2 hivi ya induktansi, mikrohenri 30, haishikani na koili ya pili. Ina sumaku yake peke yake, na nishati iliyomo haina pa kwenda transista inapozima. Inajitupa juu ya kitu pekee kilicho karibu, yaani kapasitansi ndogo iliyomo ndani ya transista yenyewe, tuseme pikofaradi 50. Volti zinaruka. Hesabu ya haraka inatoa mruko wa volti 250 hivi juu ya zile 380. Jumla ni karibu 630, na transista ya volti 500 imekwisha habari yake. Hata ile ya volti 650, ambayo ni ya kawaida kwenye chaja, inabaki na akiba ya volti 20 tu. Umeme wa ukutani ukipanda kidogo usiku, akiba hiyo nayo haipo.

Asilimia hizo 2 si uzembe wa mtengenezaji. Zinatokana na umbali kati ya koili, na umbali huo ndio uliowekewa ule utepe wa njano. Koili zikisukwa karibu sana uvujaji huo wa sumaku unapungua, lakini volti 325 nazo zinasogelea mkono wa mwenye simu. Kila anayebuni chaja hukaa kati ya mambo hayo mawili.

Dawa yake inajulikana: rezista, kapasita na dayodi zinazofungwa kwenye koili ya kwanza ili kuumeza mruko na kuugeuza joto. Wahandisi huiita snaba. Lakini ili kuipangia ukubwa ni lazima k ijulikane, na kompyuta haiwezi kuibuni. Inabidi transfoma yenyewe ishikwe na kupimwa.

Kipimo ni rahisi kuliko mtu anavyodhani. Miguu ya koili ya pili inashotishwa kwa waya mfupi, mita ya induktansi inafungwa kwenye koili ya kwanza, na namba inayosomeka ndiyo uvujaji. Shoti ikiondolewa, inasomeka induktansi nzima. Ugumu uko kwenye mita yenyewe. Mita nyingi za bei nafuu hupima kwa hezi 100 au 120. Kwa masafa hayo, mikrohenri 30 inazuia umeme kwa kiasi cha omu 0.02 tu, huku waya mwembamba wa mizunguko 100 ukiwa na omu kadhaa za ukinzani wa kawaida. Mita inatafuta kitu kilichozama. Kwa kilohezi 100, mikrohenri hizohizo zinakuwa karibu omu 19 na zinaonekana bila shida.

Asiye na mita anaweza kutumia osiloskopu, kifaa kinachochora volti kwenye kioo, na hapa kuna ujanja ambao kila fundi wa vifaa vya umeme angefaa kuujua. Baada ya transista kuzima, volti zake huruka na kutetema kabla ya kutulia. Katika mfano wetu mtetemo ni wa megahezi 4 hivi, na unatokana na mikrohenri 30 zinazocheza na pikofaradi 50. Mtu asiyezijua zote mbili anaongeza kapasita ndogo sambamba na transista, kidogokidogo, mpaka masafa ya mtetemo yashuke hadi nusu. Kapasita iliyoongezwa wakati huo ni mara 3 ya ile iliyokuwapo. Akiishia na pikofaradi 150, basi iliyokuwapo ni 50, na kutoka hapo induktansi ya uvujaji inapatikana kwa hesabu ya mstari mmoja.

Akitazama zaidi kulia kwenye kioo hichohicho ataona mtetemo wa pili, mpole zaidi, wa kilohezi 580 hivi. Huo unaanza baada ya koili ya pili kumaliza kumwaga nishati. Sasa zile mikrohenri 1,500 zote ndizo zinazocheza na pikofaradi zilezile. Chaja nyingi za kisasa hutumia mtetemo huu kwa faida: husubiri volti zishuke bondeni, ndipo transista iwake tena, joto linapungua.

Onyo linahitajika hapa. Upande wa koili ya kwanza umeunganishwa moja kwa moja na umeme wa ukutani, na kibanio cha probu ya osiloskopu kimeunganishwa na ethi ya jengo. Anayekibana upande huo amepiga shoti kupitia dayodi. Fyuzi inalipuka, na pengine osiloskopu nayo. Maabara hutumia transfoma ya kutenga au probu maalumu isiyotegemea ethi. Na kapasita ya kuingilia inaweza kubaki na volti 325 hata baada ya chaja kuchomolewa.

Kuna shida nyingine, ya ukweli wa kinachoonekana. Waya wa ethi wa probu, ule wenye kibanio cha mamba, ukiwa na urefu wa sentimita 15, una nanohenri 150 hivi. Ukikutana na pikofaradi 10 za probu, unatoa mtetemo wake wa karibu megahezi 130. Mtetemo huo haumo kwenye chaja. Umo kwenye kipimo. Ndiyo maana wazoefu huvua kibanio na kutumia kijiwaya cha springi kisichozidi sentimita 1 au 2.

Kompyuta nayo ina uongo wake wa namna hiyo. SPICE haifuati wakati kama maji yanavyotiririka. Inaruka hatua kwa hatua na kukadiria kilichotokea katikati. Mbinu yake maarufu ya kukadiria, transista ikizima ghafla, inaweza kuzalisha mtetemo wa bandia unaopanda na kushuka kila hatua. Njia ya kuugundua ni kubadilisha ukubwa wa hatua: mtetemo wa kweli unabaki kwenye megahezi zake 4, wa bandia unahama pamoja na hatua. LTspice imeirekebisha mbinu hiyo ili kuuondoa mtetemo huo, lakini si kila programu imefanya hivyo.

Yote haya yanadhani kwamba feraiti inafanya kazi bila kuchoka. Haifanyi. Feraiti hushiba. Ikiwa baridi inavumilia tesla 0.5 hivi, lakini ikifika nyuzi joto 100 inashuka hadi karibu 0.4. Chaja yetu inatumia 0.25, kwa hiyo ina nafasi. Tatizo ni mkondo ukizidi, mathalani simu inapochomekwa au koili ya pili inapopigwa shoti: ukipita ampea 0.5, kiini kimeshiba, induktansi inaporomoka, na mkondo uliokuwa ukipanda kwa mstari mnyoofu unajipinda na kwenda juu kama ukuta. Induktansi ya kawaida ya SPICE haishibi kamwe. Itaonyesha mstari mnyoofu hata kwa ampea 50. Anayetaka ukweli hutumia modeli yenye tabia za sumaku halisi, kama ile ya John Chan na wenzake ya mwaka 1991, ambayo LTspice imeichukua na ambayo inahitaji namba 3 tu kutoka karatasi ya mtengenezaji wa feraiti pamoja na vipimo vya kiini.

Joto la kiini ndilo gumu kukadiria kuliko yote. Mwaka 1892 Charles Steinmetz, mhandisi mzaliwa wa Ujerumani aliyehamia Marekani, alitoa kanuni ya kukadiria nishati inayopotea kwenye chuma chenye sumaku inayogeukageuka. Zaidi ya karne moja baadaye karatasi za watengenezaji bado zinamfuata, na namba zao zimepimwa kwa mawimbi laini. Chaja haina mawimbi laini. Kwa mawimbi ya kukatwakatwa kanuni hiyo hukosea, na marekebisho yaliyotolewa miaka ya karibuni yanasaidia bila kumaliza tatizo. Chuo Kikuu cha Princeton kimeamua kupita njia nyingine: mradi wake wa MagNet umepima feraiti nyingi kwa mawimbi ya kila namna, ukaziweka data hizo wazi, na mwaka 2023 yakafanyika mashindano ya kimataifa ya kutengeneza modeli bora kutoka kwenye data hizo. Kwamba baada ya miaka 130 bado kuna mashindano ya kuhesabu joto la kipande cha kauri ni jambo la kufikirisha kidogo.

Waya wa shaba una matatizo yake pia. Kwa kilohezi 65 umeme unatembea karibu na ngozi ya waya tu, kina cha milimita 0.26 hivi, kwa hiyo kununua waya mnene hakusaidii sana.

Limebaki jambo moja ambalo kila mwenye simu huenda amelihisi kwa vidole vyake. Simu ikiwa kwenye chaja ya bei poa, kioo kinaanza kujibonyeza chenyewe, herufi zinajiandika, au mkono unasikia msisimko mdogo. Koili mbili zilizosukwa moja juu ya nyingine ni kapasita, hata kama hakuna aliyekusudia. Volti za koili ya kwanza zinapopanda na kushuka mara 65,000 kwa sekunde, sehemu ndogo inapenya kwenye koili ya pili, inaingia kwenye simu na kutafuta ardhi kupitia mwili wa mtu. Kioo cha kugusa kazi yake ni kuhisi kapasitansi ya kidole, basi kinachanganyikiwa. Chaja nzuri ina safu ya shaba kati ya koili, au kapasita ndogo ya usalama inayorudisha umeme huo nyumbani. Kwenye uigaji, kasoro hii haionekani kabisa mpaka mtu aichore kwa mkono kama kapasita kati ya koili mbili, kwa thamani aliyoipima.

Ule utepe wa njano na umbali kati ya koili ndivyo vinavyokatwa kwanza mtu anapotaka chaja ya bei rahisi. Mwaka 2016 kampuni ya upimaji wa usalama ya UL ilijaribu adapta bandia 400 zilizouzwa kwa jina la Apple. Zaidi ya asilimia 99 zilishindwa, na 12 kati yake ziliundwa vibaya kiasi cha kuweza kumuua mtumiaji kwa umeme. Kwa chaja halali, kizuizi kati ya koili mbili kwa kawaida hujaribiwa kwa volti 3,000.

Kwa mwanafunzi au fundi anayetaka kuanza, programu ni za bure na transfoma za kujifunzia zimejaa kwenye chaja mbovu. Pesa aiweke kwenye mita ya induktansi, na kabla ya kulipa asome nyuma ya boksi: kama haipimi kwa kilohezi 100, airudishe kwenye rafu.